Bukta mkononi: kisa cha penalti ya Giuseppe Meazza

Mkono mmoja umeshika bukta kiunoni, mguu unapiga mpira. Hivyo ndivyo Giuseppe Meazza, nahodha wa Italia, anavyokumbukwa na watu wengi ambao hawakuwahi kumwona akicheza. Ni nusu fainali ya Kombe la Dunia, Juni 16, 1938, uwanja wa Vélodrome mjini Marseille. Italia inaongoza 1-0 dhidi ya Brazil. Dakika ya 60 penalti inatolewa, na mpigaji, kama inavyosimuliwa hadi leo, lastiki ya bukta yake imekatika. Anaishika isimdondoke, anasogea, anapiga, Walter kipa wa Brazil anaukosa. Mbili bila. Wenzake wanamzunguka kumsitiri, kama watu wanavyomzungushia khanga aliyepatwa na aibu njiani, mpaka bukta nyingine iletwe.

Kisa kinachekesha, na kwa miaka zaidi ya 80 kimesimuliwa ili watu wacheke. Kicheko hicho sina ugomvi nacho. Ila nikikitazama kisa kwa utulivu naona kazi ya mafunzo ya miaka mingi, na mkono wa mtu mwingine ambaye hata hakuwepo Marseille siku ile. Ndiyo maana nakichambua hapa kipande kwa kipande.

Tuanze na hali ya uwanjani. Brazil waliingia bila Leônidas, mtu aliyemaliza mashindano yale akiwa mfungaji bora. Siku mbili tu kabla walikuwa Bordeaux wakirudiana na Czechoslovakia. Inasimuliwa pia kwamba Wabrazil walikuwa wameshakata tiketi za ndege ya kwenda Paris kwenye fainali, na kwamba Vittorio Pozzo, kocha wa Italia, aliitumia habari hiyo kuwachoma vijana wake. Pozzo alikuwa fundi wa maneno ya namna hiyo. Kipindi cha pili kilipoanza tu, Gino Colaussi akafunga. Kisha Domingos da Guia, beki aliyesifika Amerika Kusini kwa utulivu wake, siku hiyo utulivu ukamtoka: akamtia teke Silvio Piola ndani ya eneo la hatari. Wabrazil wakamjia juu refa, Hans Wüthrich wa Uswisi, wakidai mpira haukuwa mchezoni. Refa hakubadili uamuzi.

Hapo ndipo lastiki inapoingia. Jiweke mahali pa nahodha. Ukisimamisha mchezo uletewe bukta nyingine, unawapa Wabrazil dakika za kuendelea kumzonga refa, na refa aliyezongwa sana anaweza kuomba ushauri kwa mshika kibendera. Ukimpa mwingine apige, aliye karibu ni Piola, mwenye mwili na shabaha, lakini amechezewa rafu sasa hivi na damu yake inachemka. Inabaki kupiga mwenyewe, hivyo hivyo ulivyo. Meazza akachagua hiyo ya tatu, na nadhani hakuchukua muda kuichagua.

Sasa fikiria ugumu wake. Aliyewahi kupiga mpira kwa nguvu anajua kuwa mikono inafanya kazi. Ukipiga kwa mguu wa kulia, mkono wa kushoto unafunguka kwenda pembeni na nyuma ili kiwiliwili kisizunguke ovyo. Ubane mkono wowote kiunoni na mambo yanabadilika: hatua za kukimbilia zinafupika, nyonga hazifunguki vizuri, nguvu inapungua. Mtu anayetegemea mkwaju wa kupasua nyavu angekuwa mashakani pale. Anayebaki salama ni yule ambaye penalti kwake ni mazungumzo ya macho kati yake na kipa, kisha mpira unawekwa tu mahali kipa hayupo. Na makipa wa enzi zile walikuwa na mzigo wao: tangu 1929 sheria iliwataka wasimame tuli juu ya mstari hadi mpira upigwe. Kumpeleka kipa wa namna hiyo sokoni kulihitaji kichwa kilichotulia kuliko paja lenye nguvu.

Kwa hiyo swali la kisa hiki ni hili: utulivu ule ulitoka wapi?

Sehemu yake ilitoka mitaani. Meazza alizaliwa Milan Agosti 23, 1910. Baba yake aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, mtoto akiwa na miaka saba. Mama alijikimu kwa kuuza matunda na mboga sokoni, mwana akimsaidia. Mama hakuupenda mpira, ulikuwa unamaliza viatu, na viatu vilikuwa fedha. Mtoto akacheza chandimu peku, kwa mpira wa matambara, kama mamilioni ya watoto wa sokoni duniani. Mpira wa matambara haudundi na haukimbii mbali. Unakufundisha kuuweka karibu na unyayo, kuusukuma kwa vidole, kumpita mtu katika nafasi ya upana wa mlango. Chenga alizokuja kuwatolea mabeki wa Ulaya alianza nazo hapo.

Alikuwa shabiki wa AC Milan na alitaka kuichezea. Wakamtazama wakaona ni mwembamba mno, wakamwacha. Inter wakamchukua, na husimuliwa kwamba walimlisha nyama ili apate mwili. Mwili haukuja sana. Aliishia urefu wa mita 1.69. Kilichokuja ni kitu kingine.

Jina lake ni Árpád Weisz. Alikuwa Myahudi kutoka Hungary, winga wa zamani aliyepita pia Inter kabla maumivu hayajamtoa uwanjani, kisha akawa kocha wa klabu hiyohiyo akiwa bado kijana. Wakati makocha wengi wakifundisha wakiwa na suti na kofia, wamesimama pembeni, Weisz alivaa nguo za mazoezi akaingia uwanjani na wachezaji. Alipomkuta Meazza aliona mchezaji wa mguu mmoja. Dawa aliyompa ilikuwa mpira na ukuta. Piga, urudi, piga tena kwa mguu wa kushoto, saa nzima, kesho tena. Hakuna mashabiki, hakuna bao, hakuna wa kumpiga chenga. Nimejaribu kukiwazia kile kijana cha sokoni kikiwa peke yake na ukuta ule, wenzake wameshaoga wameondoka. Mtu akishayazoea mazoezi ya namna hiyo, mpira unakuwa kitu kimoja na hali inayomzunguka inakuwa kitu kingine. Bukta kukatika ni hali. Mpira ni uleule.

Septemba 1927 Weisz alimpanga kwenye Coppa Volta, mashindano yaliyochezwa Como, akiwa na miaka 17. Poldo Conti, mkongwe wa timu, aliposikia jina la kijana likitajwa kwenye kikosi alilalamika kwa kejeli kwamba sasa wanachezeshwa hata balilla. Balilla ilikuwa jumuiya ya watoto ya chama cha Mussolini, iliyoanzishwa mwaka mmoja kabla; kwa maneno mengine, tumeletewa mtoto wa chekechea. Mtoto akafunga siku hiyo, kejeli ikageuka jina la sifa, na Meazza akabaki il Balilla hadi kaburini.

Mwaka 1928 watawala hawakulitaka hata jina la klabu. "Internazionale" lilinukia Ukomunisti, basi Inter ikaunganishwa na klabu nyingine ya jijini na kuitwa Ambrosiana. Chini ya jina hilo la kulazimishwa, Weisz na Meazza walitwaa ubingwa wa 1929-30, msimu wa kwanza wa Serie A kwa mfumo wa kila timu kucheza na kila timu. Kijana alifunga mabao 31. Kocha alikuwa na miaka 34, na hadi leo hajapatikana kocha kijana kuliko yeye aliyetwaa taji hilo.

Hapa ndipo Waitaliano walipopata msemo mpya wa mpira, gol alla Meazza, bao la Kimeazza. Lilikuwa hivi: anampita beki, anamkimbilia kipa, kisha anapunguza mwendo. Anamsubiri. Kipa, akiona mshambuliaji anasitasita, anatoka kumfuata miguuni, na akishatoka tu Meazza anamkwepa kwa chenga moja na kuusindikiza mpira hadi wavuni, wakati mwingine kwa kutembea. Ilikuwa dharau, tuseme ukweli. Lakini ndani ya dharau ile kulikuwa na subira isiyo ya kawaida: kumwacha adui aamue kwanza. Ukiiangalia penalti ya Marseille kwa jicho hilo, haina ajabu kubwa. Ni bao la Kimeazza lililopigwa kutoka kwenye nukta, na bukta ni nyongeza.

Maisha yake nje ya uwanja yalikuwa ya raha. Nywele zinang'aa mafuta, tango usiku, karata, kulala hadi jua kali. Sura yake ikauza bidhaa za urembo, jambo ambalo kwa mwanasoka wa Italia wa wakati ule lilikuwa geni kabisa. Pozzo, mzee wa nidhamu aliyempenda askari kuliko msanii, alimvumilia, kwani alikuwa akisema kuwa na Meazza kikosini ni sawa na kuanza mechi ukiongoza 1-0. Alimwita timu ya taifa akiwa na miaka 19, Februari 1930, akafunga mawili dhidi ya Uswisi. Mei mwaka huohuo akafunga matatu mjini Budapest, Italia ikashinda 5-0 nyumbani kwa Wahungary ambao mmoja wao ndiye aliyemfundisha. Baadaye Pozzo alimrudisha nyuma kidogo kutoka mshambuliaji wa kati hadi nafasi ya ndani, amlishe mwingine, kwanza Schiavio kisha Piola. Mfungaji bora wa ligi kukubali kazi ya kulisha wengine, hilo nalo halisimuliwi kama bukta inavyosimuliwa.

Kombe la 1934 nyumbani Italia nalipita haraka, kwa kuwa limejaa maswali ya waamuzi na ya Mussolini jukwaani ambayo yanataka makala yake. Meazza alifunga kwa kichwa bao pekee la mechi ya marudiano na Hispania kule Florence, na Juni 10 mjini Roma alikuwa kwenye kikosi kilichoifunga Czechoslovakia 2-1 katika muda wa nyongeza. Yeye na Giovanni Ferrari ndio Waitaliano wawili pekee waliocheza fainali zote mbili, ya 1934 na ya 1938.

Mechi ya kutazamwa sana mwaka ule, kwangu mimi, ni ya kirafiki: Novemba 14, Highbury, London. England hawakuwa wameshiriki Kombe la Dunia na walitaka kuonyesha bingwa halisi ni nani. Luis Monti akaumia mguu mapema sana, na wakati huo hapakuwa na kubadilisha mchezaji, hivyo Italia wakabaki kumi. Kabla ya dakika ya 15 ilikuwa 3-0. Kipindi cha pili, katika mvua na tope, Meazza akafunga dakika ya 58, akafunga tena ya 62, na England wakamaliza wakishikilia 3-2 kwa kucha. Naiweka mechi hii kwenye uchambuzi kwa sababu inajibu wanaosema Marseille ilikuwa bahati. Mtu huyu alikuwa na tabia ya kufanya kazi yake vizuri zaidi pale mambo yalipoharibika.

Turudi Vélodrome, maana uwanja huohuo una sura nyingine. Siku 11 kabla ya penalti, Juni 5, Italia walicheza pale na Norway. Jukwaani walikuwapo Waitaliano wengi waliokimbia utawala wa Mussolini, na timu ilipoinua mikono kutoa saluti ya chama ilizomewa uwanja mzima. Mikono ikashushwa kelele zilipopungua. Pozzo akaamuru iinuliwe tena. Meazza alikuwa nahodha. Hakuwahi kujulikana kama mtu wa siasa. Aliufuata mkondo kama wengi walivyoufuata, akapokea alichopewa. Simtetei kwa hilo wala simpi hukumu kubwa kuliko aliyostahili. Nasema tu kwamba picha mbili za mkono zilitoka uwanja mmoja mwezi mmoja: mkono ulioinuliwa kwa amri, na mkono ulioshika bukta. Ya pili ndiyo iliyopendwa na historia, na naelewa kwa nini. Inamrudisha kuwa binadamu.

Romeu aliirudishia Brazil bao moja dakika ya 87, kwa hiyo penalti ile ndiyo iliyoamua, 2-1. Juni 19 huko Colombes, pembezoni mwa Paris, Italia wakaifunga Hungary 4-2, Piola mawili, Colaussi mawili, na Meazza akiwa mpishi.

Kisha mambo mawili yakafuatana karibu mno.

Septemba 1938, chini ya miezi mitatu baada ya Marseille, serikali iliyojitwika sifa za kombe lile ilitoa amri dhidi ya Wayahudi wa kigeni: walioingia nchini baada ya mwanzo wa 1919 waondoke ndani ya miezi sita. Weisz wakati huo alikuwa Bologna, ambako alikuwa ametwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 1936 na 1937. Mataji hayakumsaidia kitu. Mwanzoni mwa 1939 alivuka mpaka na mke wake Elena na watoto wao wawili, Roberto na Clara, wakapita Paris, wakaishia Dordrecht, Uholanzi. Akafundisha timu ya mji huo hadi Wajerumani walipomkataza. Mwaka 1942 familia ikakamatwa. Elena na watoto waliuawa Auschwitz Oktoba mwaka huo. Árpád alitengwa nao njiani kwa ajili ya kazi za kulazimishwa, akafa Auschwitz Januari 31, 1944.

Jambo la pili ni la mwilini. Msimu uliofuata kombe, mguu wa kushoto wa Meazza, ule uliotengenezwa kwa ukuta, ulianza kukosa damu. Mshipa ulikuwa umeziba. Waitaliano wakauita piede gelato, mguu ulioganda. Alipasuliwa, akakosa msimu mzima wa 1939-40. Aliichezea timu ya taifa mara ya mwisho Julai 1939 kule Helsinki, bila kufunga. Kwa hiyo penalti ya bukta ndiyo bao lake la mwisho kwa Italia, la 33 katika mechi zitakazofika 53. Rekodi hiyo ilikaa hadi Gigi Riva alipoipita mwaka 1973.

Aliporudi uwanjani mwishoni mwa 1940 alivaa jezi ya Milan, klabu iliyomwona mwembamba, na akaifunga Inter katika mechi ya watani. Baadaye Juventus, Varese, Atalanta, kisha Inter tena 1946-47, mzee wa miaka 36 akicheza na kufundisha huku timu ikihangaika. Mabao 216 ya Serie A kwa jumla. Akaenda Istanbul kuifundisha Beşiktaş, akarudi, na ukocha wa timu kubwa haukumkaa. Kilichomkaa ni watoto. Kwenye timu za vijana za Inter alimlea Sandro Mazzola, mtoto aliyempoteza baba yake, Valentino, katika ajali ya ndege ya Superga mwaka 1949. Sandro alikuwa na miaka sita baba alipokufa. Meazza alikuwa na saba. Sijui kama waliwahi kuliongelea hilo.

Alifariki Rapallo Agosti 21, 1979, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 69. Machi 1980 jiji la Milan likaupa uwanja wa San Siro jina lake. Anayetazama mechi za Ulaya usiku kwenye kibanda umiza amelisikia jina hilo mara nyingi, ingawa mtangazaji akishalitaja mara moja hurudi kwenye San Siro, na mashabiki wa Milan hawataki jingine. Kwao Meazza ni mtu wa Inter, basi.

Kuna kichekesho hapo kinachoshinda cha bukta. San Siro ulijengwa 1926 kwa ajili ya Milan. Inter ilihamia 1947, mwaka Meazza alipotundika daluga. Katika miaka yake bora aliingia San Siro kama mgeni. Mabao yake mengi ya nyumbani aliyafunga Arena Civica, uwanja wa zamani wa katikati ya jiji. Mwaka 2012 San Siro ukawekwa pia kibao cha kumkumbuka Weisz, hivyo mwalimu na mwanafunzi wakakutanishwa kwenye jengo ambalo halikuwa lao. Septemba 2025 baraza la jiji liliidhinisha uuzwe kwa klabu zote mbili, ambazo zinakusudia kujenga mwingine pembeni na kubomoa sehemu kubwa ya huu. Arena bado ipo, ina nyasi na ngazi zake za mawe. Tangu 2002 inaitwa kwa jina la mwandishi wa michezo, Gianni Brera.